Dawa Ukoko na Ukoko wa Dawa

(Maelezo haya yalisomwa redioni katika mazungumzo ya kila wiki. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuyasikiliza.)



Juma lililopita nilikwenda shamba, Bumbwini, kumtazama mzazi. Ni mtoto wa ndugu yangu. Amejifungua mtoto wake wa kwanza, na kama ilivyo desturi yetu amerudi kwa mama yake kukaa arubaini. Nilimkuta ndani ya ua, amempakata mtoto, na sikuwahi hata kumaliza kikombe cha chai akaniuliza:

"Ami, sheha alipita jana. Anasema watakuja watu kupuliza dawa ukoko ndani ya nyumba. Mama anasema tuwaache wapulize. Jirani anasema dawa zenyewe ndizo zile za DDT, zinaingia katika maziwa ya mama. Mimi nanyonyesha. Wewe ni mtu wa kusoma magazeti, niambie, niwafungulie mlango au niwafungie?"

Nilimjibu lile nililokuwa na hakika nalo, kwamba wapulizaji wa siku hizi hawatumii DDT. Akatulia kidogo, kisha akauliza swali la pili: "Basi hiyo DDT ilifanya nini hata watu mpaka leo wanaiogopa?" Hapo nikaona kwamba swali limekuwa kubwa kuliko chai iliyobaki. Nimelichukua mpaka mjini, na leo nalileta mbele yenu, kwa sababu naamini wako wengi wanaojiuliza kama yeye.

Kwanza tulitazame hilo neno lenyewe, dawa ukoko. Kila aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili anaujua ukoko. Ni ule wali unaoshika chini ya sufuria, ambao watoto huugombania na mwenye kuosha vyombo huulaani. Waliochagua jina hilo walichagua vizuri. Dawa hii hupulizwa ukutani, maji yakakauka, na dawa ikabaki imeshika kama ukoko. Mbu anayeeneza malaria akishamnyonya mtu damu huwa mzito, hutafuta ukuta wa karibu apumzike. Akitua juu ya ukoko ule, anakufa. Kwa hiyo dawa haina kazi kubwa siku ile inayopulizwa. Kazi yake iko katika kubaki.

DDT ilikuwa bingwa wa kubaki. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874, lakini ilikaa miaka mingi bila ya mtu kujua faida yake. Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba inaua wadudu kwa kuwagusa tu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilitumika kuua chawa wanaoeneza homa ya taifasi, na mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ilikuwa rahisi kutengeneza, bei yake ndogo, na ikipulizwa ukutani inaweza kufanya kazi miezi sita au zaidi. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kampeni ya kuifuta malaria ulimwenguni, na silaha kubwa ya kampeni hiyo ilikuwa DDT.

Unguja na Pemba hatukuachwa nyuma. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka mwaka 1968, WHO na serikali walikuwa na mradi wa kufuta malaria hapa visiwani, na nyumba zilipulizwa dawa, DDT ikiwemo. Mimi nilikuwa mtoto, na nawakumbuka wapulizaji walivyofika kwa bibi yangu na mabomba mgongoni. Tulitoa vyungu, mikeka, vitanda na kuku. Tuliporudi ndani, kuta za udongo zilikuwa na unga mweupe. Bibi alifurahi, kwani hata kunguni walikufa. Alikuwa akisema, "Hii dawa ya serikali ina baraka." Sisi watoto tulikuwa tukiandika majina yetu kwa kidole juu ya unga ule, na kidole hicho hicho tukakitia katika ubwabwa. Mfuko mtupu ulioachwa, bibi aliufua akautilia mchele. Hapakuwa na aliyemkataza. Lilikuwa jambo la dawa, na dawa kwetu ni kitu cha kumponya mtu.

Hapa pana mtego wa lugha yetu ambao tunapaswa kuujua. Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Kidonge anachokupa daktari ni dawa, na sumu inayoua mende nayo ni dawa. Anayesikia neno dawa moyo wake hutulia. Laiti mradi ule ungeitwa mradi wa kupuliza sumu ya mbu, nadhani bibi angewafungulia mlango vile vile, kwa sababu malaria ilikuwa ikiwaua watoto. Lakini mfuko ule asingeutilia mchele.

Je, kazi ilifanyika? Ilifanyika, tena sana. Mradi ulipoanza, watoto waliopimwa na kukutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 68 kwa Unguja na asilimia 76 kwa Pemba. Ilipofika mwaka 1968, Unguja ilikuwa imeshuka mpaka chini kidogo ya asilimia 6, na Pemba chini ya asilimia 2. Nyuma ya hesabu hizo wako watu wazima wa leo ambao wangezikwa wadogo. Inawezekana mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo sitasimama hapa leo kuitukana DDT. Anayeitukana bila ya kulitaja hilo hajasema kweli yote.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1968 mradi ulisimama. Upulizaji ukakoma, na katika miaka ya 1970 malaria ikarudi ikapanda tena mpaka juu.

Naomba hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu liko neno linalosemwa sana katika mabaraza yetu, kwamba Wazungu waliipiga marufuku DDT kwa kuwahurumia ndege wao, na ndiyo sababu malaria ikaturudia. Tuzitazame tarehe. Marekani iliipiga marufuku katika kilimo chake mwaka 1972. Mradi wetu ulikuwa umesimama tangu 1968, yaani miaka 4 kabla. Isitoshe, amri ile ya Marekani haikugusa matumizi ya kuzuia maradhi, wala haikuzuia dawa kuuzwa nchi za nje. Malaria haikurudi Zanzibar kwa ajili ya ndege wa Marekani. Ilirudi kwa sababu kazi iliachwa kabla ya kwisha, na mbu hawakuwa na habari ya kwamba mradi umefungwa.

Katika miaka ya 1980 tulijaribu tena, safari hii kwa msaada wa Marekani hiyo hiyo, na dawa ikawa ni DDT hiyo hiyo. Matokeo yakawa mengine. Mbu wetu walikwisha kuizoea. Na hili si la kusimuliwa vijiweni tu. Mwaka 1982 walichukuliwa mbu wa malaria kutoka Unguja wakaenda kufugwa katika maabara za nje kwa ajili ya utafiti. Ukoo wa mbu hao umepewa jina la kisiwa chetu, unaitwa ZAN/U, na unajulikana na wataalamu wa wadudu duniani kwa jambo moja: kuivumilia DDT. Wataalamu walipouchunguza waligundua kwamba ndani ya mwili wa mbu huyo mna kimeng'enya kinachoivunja DDT kidogo tu na kuigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho DDE, ambacho hakimuui.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Hiyo DDE ndiyo inayopatikana katika miili ya watu. DDT ikiingia kwa binadamu, mwili nao huivunja kidogo ikawa DDE, na hapo hukwama. Haiyeyuki katika maji, kwa hiyo haitoki kwa urahisi kwa mkojo. Inapenda mafuta, kwa hiyo hujificha katika mafuta ya mwili na kukaa humo miaka. Mama anaponyonyesha, mafuta ya mwili wake huingia katika maziwa, na ile DDE hufuatana nayo.

Baharini na mashambani mambo ni hayo hayo. Katika udongo inaweza kuchukua kati ya miaka 2 na 15 ili nusu tu ya DDT iondoke, na nusu ya nusu iliyobaki ikataka muda kama huo tena. Mvua huichukua mpaka baharini. Vijidudu vidogo huimeza, dagaa akala vijidudu, samaki mkubwa akala dagaa, na kila anayekula huongezewa ya aliyeliwa. Mwisho wa safu hiyo tumekaa sisi na sahani zetu.

Kwa hiyo ndugu zangu, ubora wa dawa hii na ubaya wake si vitu viwili. Ni kitu kimoja. Inafaa kwa sababu haiondoki, na inadhuru kwa sababu haiondoki. Kwa upande wetu sisi Zanzibar liko jambo la kuhuzunisha zaidi. Faida yake ilikwisha mapema kuliko ukoko wake. Mbu wameshaizoea, na mabaki yapo.

Je, inamdhuru mtu kiasi gani? Hapa ndipo serikali na mashirika ya dunia yamekuwa yakifanya tathmini baada ya tathmini, na ni vyema msikilizaji ajue kwamba majibu yamekuwa yakibadilika.

Marekani kesi yake ilisikilizwa miezi 7, ikamalizika mwaka 1972. Ofisa aliyesikiliza ushahidi alipendekeza dawa isipigwe marufuku, na mkuu wa idara ya mazingira, William Ruckelshaus, akaamua kuipiga marufuku. Ushahidi ulikuwa mmoja, na watu wawili waliupima kwa mizani mbili. Mwaka 2001 nchi za dunia zilipitisha Mkataba wa Stockholm juu ya kemikali zisizooza, kemikali 12 kwa mara ya kwanza, na DDT ikiwemo. Lakini DDT iliachiwa mlango mdogo: nchi yenye malaria inaweza kuitumia ukutani kwa masharti, na kila baada ya miaka 3 nchi wanachama hukaa kutazama kama bado inahitajika. Mwaka 2006 WHO ilisema wazi kwamba inaunga mkono kupuliza dawa majumbani, DDT ikiwa miongoni mwa dawa hizo. Mwaka 2011 WHO hiyo hiyo ilitoa tathmini ya afya ikisema kwamba kwa ujumla kiasi kinachowapata wakaazi si cha kutisha, ila ziko sehemu ambako kiasi ndani ya nyumba kilipita kile kinachopaswa kutia wasiwasi. Na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaipandisha DDT daraja, kutoka kitu ambacho huenda kikasababisha saratani hadi kitu ambacho yumkini kinasababisha.

Katika mwaka huo huo wa 2015 ulitolewa utafiti wa California uliochukua zaidi ya miaka 50. Damu ya akina mama wajawazito ilikuwa imehifadhiwa tangu miaka ya 1960, wakati ambapo DDT ilikuwa ikitumika ovyo. Watafiti wakawafuata mabinti waliozaliwa. Wale ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi katika damu walipatwa na saratani ya matiti mara nyingi zaidi kuliko wenzao, wakiwa watu wazima. Tunasema majuto ni mjukuu. Kwa kemikali hizi methali hiyo si tamathali ya usemi. Ni kweli tupu.

Mtu anaweza kuniuliza, kama ni hivyo kwa nini isifutwe kabisa mara moja? Ninamjibu kwa mfano wa Afrika Kusini. Mwaka 1996 waliacha DDT wakachukua dawa nyingine. Ikatokea kwamba aina moja ya mbu ilikuwa imeizoea hiyo dawa mpya, mbu wakarudi, na ilipofika mwaka 2000 wagonjwa walizidi 60,000. Wakairudia DDT pamoja na vidonge vipya, na malaria ikashuka. Kwao wakati ule, hatari ya malaria ilikuwa kubwa kuliko hatari ya ukoko.

Na anayeniuliza kwa nini isirudishwe kila mahali, ninamjibu kwa mfano wa Uganda. Mwaka 2008 DDT ilipulizwa katika wilaya za Apac na Oyam. Wakulima na wauzaji wa pamba ya kilimo hai walilalamika kwamba mabaki yataingia katika mazao yao na wanunuzi wa Ulaya watawakimbia. Wakaenda mahakamani, na zoezi likasimamishwa. Tafakari basi wewe wa kisiwani, ambaye karafuu, mdalasini na mwani wako vinauzwa nje. Nyumba ya mkulima wa Donge ndiyo hiyo hiyo ghala yake.

Kwa mintarafu hiyo, Zanzibar ilifanya jambo la busara. Kampeni yetu mpya ilipoanza katika miaka ya 2000, tulitumia vidonge vya mseto tangu 2003, vyandarua vyenye dawa, na tangu 2006 upulizaji wa nyumba, lakini kwa dawa nyingine, si DDT. Na miaka michache baadaye, mbu walipoanza kuizoea nayo, ikabadilishwa. Ilipofika mwaka 2008 watoto wenye vimelea walikuwa chini ya asilimia 1. Malaria haijatuaga kabisa, bado hutokea, lakini tuliishusha bila ya kuongeza ukoko ule wa zamani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikae mbele ya kipaza sauti hiki. Tathmini za hatari za kemikali huzungumzia zaidi kama itumike au isitumike. Swali ambalo husahauliwa ni hili: iliyobaki iko wapi?

Wenzetu wa Bara wana funzo chungu pale Vikuge, karibu na Kibaha. Mwaka 1986 zililetwa kutoka Ugiriki tani 170 za madawa ya kilimo, kwa jina la msaada, na nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. Hazikutumika zote. Ziliwekwa katika banda, banda likachakaa likaanguka, na sumu ikaingia ardhini. Hata baada ya mabaki kuondolewa, watafiti waliopima udongo walikuta DDT kwa kiwango cha kutisha. Msaada ulifika siku moja, na ardhi ile imeuguza kwa miaka mingi.

Hapa kwetu, katikati ya miaka ya 1990, zaidi ya tani 200 za madawa ya wadudu yaliyopitwa na wakati zilikusanywa Zanzibar kwa msaada wa shirika la FAO, zikapakiwa na kusafirishwa mpaka Ulaya, zikachomwe katika matanuri maalumu. Mtu asifikiri ni jambo dogo. Dawa iliyokuja kwa meli ilibidi irudi kwa meli, kwa sababu sisi hatuna tanuri la kuichoma bila ya kuzalisha moshi wenye sumu mbaya kuliko yenyewe. Na gharama ya kuondoa kemikali hizi huwa kubwa mno, pengine kuliko bei iliyonunuliwa.

Kwa hiyo mtu akija na zawadi ya kemikali isiyooza, swali la kwanza liwe: siku ikishindwa kazi, nani ataichukua? Asiye na jibu, zawadi yake ni deni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Orodha ya mkataba huo haiko tena kwenye 12, imepita 30. Humo mna mafuta ya transfoma za zamani, mna kemikali za povu la kuzimia moto, na mna moshi wa sumu unaotokana na kuchoma plastiki. Mkataba umetiwa saini na Jamhuri ya Muungano, lakini afya na mazingira si mambo ya Muungano. Maana yake ni kwamba tathmini ya Unguja na Pemba haiwezi kufanywa na mtu wa Dodoma peke yake. Ni kazi ya Wizara ya Afya ya Zanzibar, ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwisho wa yote ya Baraza la Wawakilishi ambalo ndilo lenye haki ya kuuliza.

Ninaomba mambo matatu, na sidhani kwamba ni makubwa. La kwanza, kila tathmini ya kemikali za namna hii itolewe pia kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache, ipelekwe mpaka kwa masheha. Ripoti ya Kiingereza iliyokaa kabatini haijamfikia mwenye ukuta. La pili, panapopimwa hatari, ipimwe ardhi yetu, samaki wetu na watu wetu. Damu ya California imetufunza mengi, lakini aliyekula ubwabwa kwa kidole chenye unga alikuwa Bumbwini. La tatu, tathmini isiwe ya mara moja. Tumeona jinsi majibu yalivyobadilika kati ya 2006 na 2015. Kitu ambacho hakiondoki kinahitaji kutazamwa kila mara, kama vile mtu anavyotazama ufa katika nyumba ya Mji Mkongwe kila baada ya masika.

Lakini pia tusiiachie serikali peke yake lawama yote. Piteni Darajani au sokoni Mwanakwerekwe mtaona sumu za mende, kunguni na panya zinauzwa zimetiwa katika chupa za maji ya kunywa, hazina jina, hazina tarehe, hazina anwani. Muulize muuzaji ni kitu gani, atakwambia, "Dawa hii, kiboko." Tunanunua, tunapeleka nyumbani, tunaiweka juu ya kabati la vyombo. Mtu anayeogopa DDT ya mwaka 1960 na huku ana chupa isiyo na jina jikoni kwake, huyo anamkimbia nyoka wa hadithi na kumkanyaga wa kweli. Kitu kisicho na maandishi usikinunue. Na kopo au mfuko uliokuwa na sumu usiutilie mchele hata ukiufua mara mia.

Nimalizie kwa mzazi wetu wa Bumbwini, maana si adabu kuondoka na swali la mtu bila ya kulirudisha.

Jana nilimpigia simu. Nikamwambia: mwanangu, wafungulie. Malaria humuua mtoto mchanga kwa siku chache, na dawa zinazotumika sasa hazina tabia ile ya DDT ya kukaa mwilini miaka na miaka. Lakini kabla hujawafungulia, waulize dawa inaitwaje, waandike jina lake katika kikaratasi ukiweke. Hiyo ni haki yako, na mpulizaji mwenye kujua kazi yake hatakasirika. Toa chakula chote nje, toa vyombo, toa nguo na kitanda cha mtoto. Wewe na mtoto mkae nje, mbali kidogo, muda usiopungua saa mbili, na milango iachwe wazi kabla hamjarudi. Kisha mtu mzima mwingine afagie wadudu waliokufa na taka zake zitiwe chooni au zifukiwe, kuku wasizidonoe. Kuta usiziguse wala usizipake chokaa. Na kunyonyesha usiache hata siku moja. Hata pale ilipopatikana DDT katika maziwa ya akina mama, ushauri wa WHO ulibaki ni ule ule, kwamba faida ya maziwa ya mama ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Akaniuliza, "Na ule mfuko mtupu, ami?" Nikamwambia warudi nao wenyewe.

Akacheka, akasema bibi mkubwa angelikuwa hai angeliuomba.

Ndugu wasikilizaji, bibi yangu hakuwa na kosa. Aliambiwa dawa, akaamini dawa. Aliyekuwa akijua zaidi ndiye aliyepaswa kusema zaidi. Wahenga wamesema tahadhari kabla ya athari, na mwenye kutahadhari ni yule aliyeambiwa ukweli wote, faida na madhara yake, kabla hajafungua mlango.